Great Ocean Road: ushuke Lorne au ufike Warrnambool?

Kila ikikaribia Desemba simu huanza kuita. Ndugu wanakuja Melbourne, Australia, wengine kutoka Nairobi, wengine Dar, na baada ya salamu swali ni lilelile: "Ile barabara ya baharini, mtatupeleka?" Tutawapeleka. Ninaishi Geelong, chini ya nusu saa kutoka Torquay barabara inakoanzia, na nimeshaipita mara nyingi kiasi kwamba kona nyingine nazijua kwa usukani.

Wageni wengi hutaka picha ya Mitume Kumi na Wawili, yale majabali yaliyosimama baharini, kisha warudi nyumbani kulala. Makumbusho hawayafikirii. Mimi huwaambia wachague angalau moja, kwa sababu ukiipita barabara hii bila kujua ilikatwaje, utakuwa umeona bahari tu, na bahari hata Nyali na Kigamboni ipo. Tatizo ni kwamba makumbusho yenye uzito ni mawili, yako mbali, na siku moja haiyatoshi yote. Ya kwanza yako Lorne na yanahusu barabara yenyewe. Ya pili yako Warrnambool, karibu na barabara inakoishia, nayo yanahusu meli zilizovunjika kwenye pwani hiyo. Kuna mengine madogo njiani, nitayagusa.

Lorne: chumba kidogo, kazi kubwa

Makumbusho ya Lorne yamo ndani ya kituo cha taarifa za wageni, kwenye barabara kuu ya mji. Kiingilio ni bure. Ukitazama kwa nje hutadhani kuna kitu. Watu huingia kuuliza choo kiko wapi na kuchukua ramani, halafu hutoka bila kujua wamepita karibu na nini. Maonyesho yenyewe ni picha, maelezo, vifaa vya kazi na simulizi za ujenzi. Nusu saa inatosha, na ukiwa msomaji wa kila kibao, saa nzima.

Kinachosimuliwa humo ndicho kinachoipa safari maana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, maelfu ya askari walirudi jimbo la Victoria bila kazi. Mji kama Lorne ulikuwa kama kisiwa: ulifikika kwa bahari, au kwa njia mbaya ya msituni kutoka bara. William Calder, mwenyekiti wa bodi ya barabara za mashambani, alipeleka wazo la kuwapa askari waliorudi kazi ya kukata barabara ufukweni. Howard Hitchcock, meya wa Geelong, akalivalia njuga: akaongoza mfuko wa kuchangisha fedha ulioanzishwa 1918, na akatoa za mfukoni mwake. Barabara ingekuwa kumbukumbu ya wenzao waliofia vitani. Kazi ilianza Septemba 1919 na kwisha Novemba 1932, na askari wapatao 3,000 waliishiriki. Ina urefu wa kilomita 240 hivi, kutoka Torquay hadi Allansford, na husemwa kuwa ndiyo kumbukumbu kubwa kuliko zote za vita duniani.

Sasa hebu nikueleze kuhusu mjomba wangu. Aliendesha lori miaka mingi kati ya Mombasa na Malindi, kisha akastaafu, na alipokuja kututembelea nilimpeleka Lorne kwa sababu tu tulihitaji kunyoosha miguu. Alisimama mbele ya picha ya wanaume waliojipanga kwenye ukingo wa jabali, sururu na makoleo mikononi, wilibaro pembeni, na chini yao mawimbi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii wamechimba kwa mikono?"

"Kwa mikono na baruti, Mjomba. Mitambo ilikuwa michache na midogo."

Hakusema kitu. Akaendelea kusoma. Alipofika kwenye malipo, shilingi 10 na peni 6 kwa siku ya saa 8 na Jumamosi nusu siku, akaanza kupiga hesabu kwa vidole, maana shilingi ni shilingi hata ikiwa si yetu. Kama nusu siku ililipwa nusu, akasema, wiki inampa mtu shilingi 57 na ushei. Chakula kilifika hadi shilingi 10 kwa wiki. Walilala kwenye mahema, walikula pamoja chini ya turubai kubwa, na kambini walikuwa na piano, gramafoni na magazeti. Piano ilimchekesha. Alitaka kujua nani aliibeba hadi kule.

"Mjomba, twende, jua linatuacha."

"Ngoja kwanza, baba. Kuna watu walikufa hapa."

Ni kweli, wapo waliofia kazini. Walionusurika milio ya mizinga Ulaya walikuja kuangukiwa na mawe nyumbani kwao.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha bia. Mwaka 1924 meli ya mvuke iitwayo Casino iligonga mwamba karibu na Cape Patton, na ili ijinasue ikabidi itupe shehena baharini: mapipa 500 ya bia na makasha 120 ya vinywaji vikali. Bahari ikavileta ufukweni, karibu kabisa na kambi ya wajenzi. Kazi ilisimama wiki mbili, bila mtu yeyote kutangaza likizo. Hiyo Casino yenyewe ilizama Apollo Bay mwaka 1932, ikaondoka na watu 10, kwa hiyo usicheke sana.

Hitchcock naye hakuiona siku ya ufunguzi. Alifariki Agosti 1932, miezi mitatu kabla. Siku ya sherehe gari lake liliendeshwa katika msafara, nyuma ya gari la mgeni rasmi, bila yeye ndani.

Kasoro za Lorne? Ni padogo. Mtoto wa miaka saba atachoka baada ya dakika kumi, kwa kuwa mengi ni ya kusoma, na ya kusoma kwa Kiingereza. Tena mkazo uko kwa askari, wakati ardhi ilikokatwa barabara ni ya Wadawurrung na Eastern Maar, watu waliokuwa na njia zao kwenye pwani hii maelfu ya miaka kabla ya sururu ya kwanza. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho iliwatambua Eastern Maar kuwa na haki za wenyeji asilia juu ya ardhi ya sehemu kubwa ya eneo hilo. Usiondoke Lorne ukidhani hadithi inaanza 1919.

Warrnambool: kijiji kizima, na tausi mmoja

Flagstaff Hill ni kitu tofauti kabisa. Kwanza unalipa, na kwa familia ya watu watano si hela ya kutupa. Pili si chumba, ni kijiji: maduka, nyumba, kanisa la mabaharia na karakana, vyote vimejengwa kwa mtindo wa bandari ya miaka ya 1870, vikizunguka kidimbwi chenye vyombo. Pamefunguliwa tangu miaka ya 1970. Juu ya kilima ipo minara miwili ya taa ya karne ya 19 ambayo mpaka leo inaelekeza vyombo kuingia ghubani, na iko ngome ya 1887 yenye mizinga, iliyojengwa watu walipoingiwa na hofu kwamba Warusi watakuja. Hawakuja. Mtu wa Mombasa akiiona mizinga inayotazama bahari hawezi kujizuia kusema "Ngome yetu kubwa zaidi," na mimi nilisema.

Ila ulinganisho na Fort Jesus una maana zaidi ya majigambo. Kule Fort Jesus kuna vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Aliyewahi kusimama mbele ya vile vyombo, akajiuliza ni mkono wa nani uliovishika mara ya mwisho, Flagstaff Hill atapaelewa mara moja, kwa kuwa moyo wa makumbusho haya ni vitu vilivyorudishwa na bahari.

Mkubwa wao ni tausi. Amefinyangwa kwa udongo na kupakwa rangi za kung'aa katika kiwanda cha Minton, Uingereza, urefu wake karibu na wa mtoto aliyebalehe. Alipakiwa kwenye merikebu ya matanga Loch Ard aletwe Melbourne kwa maonyesho makubwa ya 1880. Alfajiri ya tarehe 1 Juni 1878, kwenye ukungu, merikebu iligonga mwamba wa kisiwa cha Mutton Bird, safari ikiwa karibu kwisha. Ilikuwa na watu 54. Waliopona ni wawili: Tom Pearce, mwanafunzi wa ubaharia, na Eva Carmichael, msichana wa Kiayalandi aliyekuwa akisafiri na wazazi na ndugu zake. Tom alisukumwa hadi kwenye ghuba nyembamba kati ya majabali, akasikia sauti ya mwanamke, akarudi majini kumtoa. Akamwingiza pangoni, akampa brandi iliyotupwa ufukweni na mawimbi, kisha akapanda jabali kwenda kutafuta watu. Eva alipoteza wote aliosafiri nao. Magazeti ya wakati ule yalitamani wawili hao waoane. Hawakuoana, yeye akarudi Ireland.

Na tausi? Baada ya siku chache kasha lake lilikutwa likielea, naye ndani mzima. Watu 52 wamekufa, chuma kimepinda, ndege wa udongo amepona. Siku hizi anakadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 4 za Australia. Binti yangu, ambaye Lorne alilalamika njaa tangu mlangoni, hapa alikaa mbele ya kioo akihesabu manyoya ya mkia. Alipoambiwa kisa, aliuliza swali moja tu: "Eva alijua kwamba tausi amepona?" Sikuwa na jibu.

Usiku huwa na onyesho la mwanga na sauti linalosimulia mkasa wa Loch Ard, kwa tiketi yake. Kwa hilo lazima ulale Warrnambool, na hapo ndipo uamuzi wote unapoanguka.

Muda ndio unaoamua

Kutoka Melbourne hadi Lorne ni mwendo wa saa mbili. Ukitoka Lorne ukafuata bahari hadi Warrnambool, weka saa tatu na nusu bila kusimama, na hakuna asiyesimama. Mwanzoni nilijaribu kuwapeleka wageni kote kwa siku moja. Tulifika Warrnambool lango linafungwa, watoto wamelala kwenye viti, mke wangu haniongeleshi. Kosa lilikuwa langu, nilihesabu kilomita badala ya kona.

Kwa hiyo, mwenye siku moja, Lorne. Tena usikubali ziara za basi zisizokupa nafasi. Nilishawahi kumlipia shemeji yangu safari ya kampuni moja ya utalii, Lorne wakapewa dakika 20, zikaishia kwenye foleni ya aiskrimu. Ukikata tiketi ya basi, uliza kwanza wanasimama Lorne kwa muda gani.

Mwenye siku mbili, alale Warrnambool au Port Campbell na ayaone yote mawili, kwa mpangilio huo. Hapa nina msimamo mkali. Lorne inafungua safari, Warrnambool inaifunga. Kilomita 45 kutoka Lorne hadi Apollo Bay ndizo zilizokatwa kwenye ubavu wa majabali, na ukizipita ukiwa na zile picha kichwani, kila ukuta wa mawe upande wa kulia unausoma tofauti. Mjomba alifungua dirisha akawa anautazama ukuta, bahari akaisahau. Warrnambool nayo inataka uwe umekwisha kuteremka ngazi za Loch Ard Gorge, ile ghuba ya Tom na Eva, ukasimama kwenye mchanga uleule alikotokea Tom. Hapo jirani kulikuwa na tao la mwamba lililoporomoka mwaka 2009. Nguzo mbili zilizobaki zimepewa majina Tom na Eva. Ukiona hayo kwanza, tausi atakusimamisha. Ukimwona tausi kwanza, ghuba itakuwa ni ghuba tu.

Mitume je? Hawajawahi kuwa kumi na wawili. Walikuwa tisa, mmoja akaanguka Julai 2005. Zamani pakiitwa Nguruwe na Wanawe, jina likabadilishwa ili livutie watalii. Wapige picha, endelea.

Ya njiani

Torquay ina makumbusho ya kitaifa ya mchezo wa kuteleza mawimbini. Kwa kijana anayependa michezo ni mazuri: mbao za kutelezea za kuanzia enzi za miti mizito hadi zile nyepesi zenye mapezi matatu, ambazo mchezaji Simon Anderson alizitumia kushinda mashindano ya Bells Beach mwaka 1981, waliomcheka wakanyamaza. Asiyejali mchezo huo apite. Kuhusu barabara, hutajifunza kitu.

Mnara wa taa wa Cape Otway ni wa 1848, mkongwe kuliko yote iliyosimama katika bara la Australia, na ndiyo taa ambayo nahodha wa Loch Ard alikuwa akiitafuta gizani. Una kiingilio, na unakutoa kwenye barabara kuu kwa kilomita 12 hivi kwenda, na nyingine kurudi. Ningeuweka badala ya Warrnambool kwa mtu mwenye siku moja ndefu aliyeianza alfajiri. Upepo wake si wa mchezo. Beba koti hata Januari.

Tao la kumbukumbu pale Eastern View halina kiingilio wala mlango, ni lango la mbao juu ya barabara, kabla tu ya Lorne. La sasa lilijengwa baada ya moto mkubwa wa Februari 1983 kuteketeza lililotangulia. Kando yake wamesimama wajenzi wawili wa shaba. Simama dakika tano. Mahali hapo ndipo ulipokuwa ukilipwa ushuru wa barabara, hadi serikali ilipoichukua mwaka 1936 na ushuru ukafutwa.

Asiye na gari

Hapa mambo yanageuka. Warrnambool ina treni ya moja kwa moja kutoka kituo cha Southern Cross, Melbourne, saa tatu na nusu hivi, na kutoka stesheni hadi Flagstaff Hill unatembea. Lakini treni inapita bara, kwenye mashamba ya ng'ombe. Bahari utaiona mwisho wa safari. Lorne ni treni hadi Geelong kisha basi la Apollo Bay, linalopita kwenye barabara yenyewe. Mabasi ni machache, angalia ratiba ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Kwa mtu wa basi mimi ningesema Lorne bado, na akae kiti cha kushoto.

Mwenye gari la kukodi, kama umezoea Kenya, Tanzania au Uganda, huku pia ni kushoto, huna la kujifunza. Ndugu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu, mliozoea kulia, fanyeni mazoezi Geelong kwanza, si kwenye kona za Lorne. Endesha kutoka Torquay kuelekea magharibi, njia yako itakuwa upande wa bahari na sehemu za kuegesha zitakuwa mkononi. Kurudi, chukua barabara kuu ya ndani kupitia Colac, ni fupi na imenyooka. Ondoka kabla ya giza, kangaruu hutoka jua likizama, na wa Warrnambool hawana adabu ya barabarani hata kidogo.

Mjomba amerudi kwake Kisauni. Majuzi kanipigia, tukazungumza mambo ya nyumbani, halafu kabla ya kukata simu akauliza kama nimeshapata jibu ile piano ilifikaje kambini. Nikamwambia bado. "Basi ukipita tena Lorne, waulize," akasema.